Zawadi ya Kuagana Isigeuke Hongo

Ndugu msikilizaji, leo naomba tuzungumzie jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo, nalo ni vizawadi wanavyopewa watoto wanapoondoka kwenye sherehe ya siku ya kuzaliwa ya mwenzao. Usifanye haraka kulidharau. Wapo wazazi wanaokosa usingizi kwa ajili yake.

Jirani yangu mmoja hapa Tabora, mama wa watoto watatu, alinijia jioni moja akiwa na karatasi mkononi. Mwanawe wa mwisho alikuwa anatimiza miaka saba. Pilau, soda na keki alikwisha vipigia hesabu. Kilichomshinda ni mifuko ya zawadi. Mwezi uliotangulia mtoto wake alialikwa kwa mwenzake wa darasani, akarudi na mfuko wenye picha za katuni, na ndani yake mna chokoleti, saa ya plastiki na kigari cha betri.

"Sasa jirani, mimi nitatoa nini?" akaniuliza. "Nikitoa pipi mbili si watanisema?"

Alikuwa amekusudia kukopa kwenye kikoba chao, na deni hilo alipe kwa fedha alizoweka kwa ajili ya sare za shule. Hapo ndipo nilipomwomba tukae chini. Na kabla ya kupiga hesabu, nikamkumbusha habari za mji wetu wenyewe.

Msikilizaji, Tabora ilikua kwa sababu ya misafara. Karne ya 19 njia kutoka Bagamoyo ilifika hapa Unyanyembe, ikagawanyika: moja ikaelekea Ujiji, nyingine kaskazini hadi Buganda. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba mizigo ya kilo 30 hivi kila mmoja. Humo mlikuwa na nguo za merikani na kaniki, shanga na nyaya za shaba, kwani ndizo zilizokuwa fedha ya njiani. Kwa hizo walinunua chakula, na kwa hizo walilipa hongo. Wala tusifiche: vitu hivyo hivyo vilinunua pembe za ndovu na watu pia. Kwa hiyo siielezi njia ile kwa kuisifu, bali kwa kuwa ina mafunzo mawili.

Funzo la kwanza ni kumjua unayempa. Stanley, aliyepita hapa mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, aliandika kwamba shanga nyeusi zilipokelewa Ugogo, lakini kwingineko hazikuwa na thamani yoyote. Kila nchi ilikuwa na rangi yake. Aliyenunua shanga bila kuuliza alijikuta amebebesha watu mzigo wa bure kwa mamia ya kilometa.

Funzo la pili limo katika neno lenyewe, hongo. Siku zile halikuwa na maana ya rushwa kama leo. Lilikuwa ushuru aliolipwa mtawala ili msafara upite katika nchi yake, na wasafiri waliililia sana hongo ya Ugogo. Hongo haikutolewa kwa mapenzi. Ilitolewa kwa sababu bila hiyo hupiti. Basi nikamwambia jirani yangu: ukikopa ili wazazi wenzako wasikuseme, hutoi zawadi. Unalipa hongo upite kwenye midomo yao.

Alicheka, kisha tukaanza kazi. Haya ndiyo tuliyoyapanga, na huenda nawe yakakufaa.

Kwanza, panga fedha kabla ya kwenda dukani. Amua jumla unayoweza kuitoa bila kugusa fedha ya chakula wala ya shule, kisha igawe kwa idadi ya watoto. Tuseme una shilingi 24,000 na umealika watoto 20. Usigawe kwa 20, gawa kwa 24. Mitaani kwetu, iwe Isevya, Ng'ambo au Cheyo, hakuna sherehe isiyopata watoto wa jirani ambao hawakuandikwa. Hapo kila mtoto ana shilingi 1,000. Ukiwa na 12,000, kila mmoja ana 500, na bado inawezekana. Jambo la msingi ni kwamba fedha ndiyo ichague zawadi, si zawadi ichague fedha.

Pili, nunua kwa dazeni kwenye duka la jumla, usinunue moja moja. Watoto 24 ni dazeni mbili kamili. Penseli zinauzwa kwa boksi, madaftari kwa dazeni, na bei ya moja hushuka.

Tatu, chagua kitu kimoja kizuri badala ya vitano vibovu. Kigari kinachovunjika kabla mtoto hajafika nyumbani huleta kilio. Kamba ya kurukia, mpira mdogo wa kuchezea rede, au penseli na kifutio vitatumika hata baada ya keki kusahaulika.

Nne, tazama umri, maana hapa si suala la fedha tu. Watoto walio chini ya miaka mitatu wasipewe gololi wala shanga, na pulizo lililopasuka liokotwe mara moja, kwa kuwa vitu hivyo huweza kuziba koo. Vitu vya kuchezea vyenye betri ndogo za duara mfano wa kifungo ni vya hatari kubwa. Betri ikimezwa huunguza koo la chakula. Karanga nzima si za watoto wadogo, na wapo watoto ambao miili yao haipatani na karanga kabisa. Kwa hiyo muulize mzazi.

Tano, angalia kilichopo kwetu. Asali ya miombo ya Tabora inajulikana nchi nzima. Ukinunua chupa moja kubwa, unaweza kuigawa katika vichupa vidogo vilivyosafishwa vizuri, vyenye vifuniko vya kukaza. Ila asali haifai kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, kwani inaweza kuwa na vijidudu vinavyomdhuru mchanga. Waambie wazazi jambo hilo wenye watoto wachanga nyumbani. Au msimu wa embe ukifika, panda kokwa mbichi katika makopo matupu, maana kokwa ikikauka sana haioti. Ukimpa mtoto mche wa mwembe katika mji huu wa miembe, umempa kitu kitakachokua pamoja naye.

Sita, usihangaike na mifuko ya madukani. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Nenda kwa fundi cherehani, mwombe vipande vya vitenge vilivyobaki, akushonee vifuko vya kufunga kwa uzi. Mtoto atawekea penseli zake humo mwaka mzima.

Saba, na hili ndilo kubwa: wote wapewe sawa. Mtoto wa bosi na mtoto wa muuza mkaa wapokee kifuko kile kile. Watoto huhesabu kuliko sisi, na aliyepewa pungufu husahau keki lakini hasahau kupunjwa.

Jirani yangu alichagua vifuko vya vitenge, na katika kila kimoja akatia penseli moja, kifutio na kashata. Halafu akafanya jambo ambalo mimi sikuliwaza. Alikusanya magazeti yaliyokwisha kusomwa, vijiti vyepesi, uzi na gundi ya unga, akamwomba mjomba wa watoto awafundishe kutengeneza tiara. Kila mtoto akaondoka na tiara aliyoitengeneza kwa mikono yake. Mchezo ukawa ndio zawadi.

Jioni, wakati wa kuagana, mlangoni palikuwa na mtoto mmoja wa nyumba ya nyuma, hajaalikwa, kasimama kando anatazama wenzake. Mama yule alichukua kimoja kati ya vile vifuko vinne vya akiba, akamwita, akampa kama alivyowapa wengine. Kikoba hakikuguswa. Sare zilinunuliwa. Kama kuna aliyemsema, mimi sikumsikia. Nilichosikia ni kelele za watoto uwanjani wakirusha tiara zao.

Wazee wetu walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Nasi wa Tabora tungeweza kuongeza: ukiona unatoa kwa hofu, simama kwanza ujiulize unamlipa nani, na kwa ajili ya kupita wapi.

Ndugu msikilizaji, kwa leo naishia hapa. Tukijaliwa tukutane tena juma lijalo.