Kabla ya Kumchukua Sungura, Jibu Maswali

Wahenga walinena kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wageni wangu wawili wametimiza mwaka wa pili nyumbani kwangu na jembe hawajalishika. Kutwa ni kula nyasi, kutafuna miguu ya viti na, panapo jambo la kuwashtua usiku, kupiga kishindo sakafuni kwa miguu ya nyuma, hata jirani wa ghorofa ya chini akaniuliza iwapo tunatwanga mahindi. Wageni wenyewe ni sungura, na sikuwapata sokoni. Niliwatoa katika makao ya wanyama waliookolewa.

Nawaandikia walimu wenzangu na wanafunzi kwa sababu ni nadra shule isiyopata kuwa na kizimba cha sungura nyuma ya jiko. Chama cha 4-K hakikukamilika bila kizimba hicho.

Binti yangu, aliyekuwa Gredi ya Tano, alinisihi muhula mzima nimtafutie sungura. Kando ya barabara wapo wauzaji, na bei yao haimshindi mwalimu. Hata hivyo mwenzangu mmoja kazini alinishauri niende kwanza kwenye makao hayo, kwani watu huwatelekeza sungura kama wanavyotelekeza mbwa na paka. Tukaenda. Nilidhani tungeonyeshwa, tungechagua, tungeondoka.

La hasha! Mama aliyetupokea alitupa fomu, kisha akatuhoji. Mwenye nyumba anaruhusu wanyama? Nani hubaki nyumbani mchana? Mnapokwenda kijijini Desemba, nani atawalisha? Mbona mnataka mmoja, ilhali sungura ni kiumbe wa ujamaa anayedhoofika akiwa peke yake? Nikahamaki. Nilimwambia kwamba nimekuja kuchukua sungura, sikuja kuposa.

"Mwalimu," akanijibu kwa upole, "sungura akitunzwa vyema huishi miaka minane, kumi, hata kumi na miwili. Binti huyu akiwa chuo kikuu, ni wewe utakayekuwa ukifagia vinyesi."

Nikainama kuijaza fomu. Kulikuwa na swali moja lililonikwamisha: je, umewahi kufuga sungura, na walifikia mwisho gani?

Miaka mingi iliyopita nilikuwa mlezi wa chama cha ukulima katika shule moja. Tulinunua majike matatu na dume mmoja. Jike hubeba mimba kwa takriban siku thelathini na moja tu, na aweza kushika mimba nyingine punde tu baada ya kuzaa. Kwa hiyo kufikia mwisho wa muhula vizimba vilikuwa vimefurika na wanafunzi wakiringa. Shule ikafungwa Aprili. Nilimwambia bawabu awaangalie. Sikumwachia senti ya pumba, wala sikumwandikia chochote, na yeye alikuwa na lango la kulinda na shamba lake la kupalilia msimu wa mvua. Tulipofungua shule, vizimba vilikuwa kimya. Wanafunzi waliponiuliza, niliwaambia ni maradhi.

Kosa lile lilikuwa langu, si la bawabu. Isitoshe, ilikuwapo sheria, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, inayohesabu kumnyima mnyama chakula au maji kuwa ni jinai, nami sikuwa nimewahi kuisikia.

Yamkini ujinga wetu huanzia kwenye hadithi. Sisi sote tulilelewa na sungura mjanja, anayemhadaa fisi, anayemtia simba kisimani. Lakini yule wa hadithi ni kitungule wa porini. Watoto wake huzaliwa na manyoya na macho wazi. Huyu tunayemfuga ni wa ukoo mwingine, asili yake Uhispania na kusini mwa Ufaransa, na watoto wake huzaliwa vipofu na uchi. Ukimwachilia vichakani ukidhani atajitafutia riziki kwa werevu, umempelekea mwewe na mbwa chakula.

Mwili wake nao ni wa ajabu na dhaifu. Meno huota maisha yake yote, na bila nyasi za kuyasaga hurefuka hata akashindwa kula. Hana uwezo wa kutapika. Akikaa siku nzima bila chakula, matumbo husimama na huenda akafa. Karoti, ambayo kila picha ya kitabu humpa, ina sukari nyingi. Apewe kipande kidogo mara mojamoja. Majani ya mparachichi ni sumu kwake. Na wale wanaomnyanyua kwa masikio wajue kwamba masikio si mpini. Akirusha miguu bila kushikwa vyema chini, aweza kujivunja uti wa mgongo.

Wapo watakaoniuliza iwapo sina haya kuhangaikia sungura ilhali kuna watoto wanaolala njaa, na tena sungura ni kitoweo. Sibishani na anayefuga kwa ajili ya nyama, almuradi amlishe na amchinje bila kumtesa. Hata huko, lakini, pupa imetuponza. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 ufugaji wa sungura ulipigiwa debe nchini, si nyama tu bali hata mkojo wake kama mbolea, na wako waliojenga mabanda kabla ya kuuliza nani atanunua. Ninayemlaumu mimi ni yule anayemchukua mnyama bila kujua amemchukua kwa shughuli gani na hadi lini. Nilikuwa mmoja wao.

Ndiyo maana nawasihi walimu wenzangu: kabla ya kununua jozi ya kwanza, andikeni ratiba ya likizo, wiki kwa wiki, na majina na pesa za chakula. Ikishindikana kuiandika, msinunue. Wanafunzi watajifunza mengi katika kuiandika ratiba hiyo kuliko katika kuchora kizimba daftarini. Na panapo makao ya wanyama karibu, anzieni huko, maana aliyekwisha kutupwa mara moja anahitaji nyumba kabla hajazalishwa mwingine wa kuuzwa kando ya barabara.

Kwenye fomu niliandika ukweli: walikufa njaa, mimi nikiwa mlezi wao. Mama yule aliisoma mara mbili. Nilitarajia atuonyeshe mlango. Badala yake alimgeukia binti yangu, ambaye alikuwa ameyasoma yale maandishi begani pangu, akamwuliza likizo itakuwaje. Mtoto akamtaja nyanya wa nyumba ya pili na kuahidi kwenda kumwomba siku hiyohiyo. Wiki mbili baadaye tuliitwa, tukapewa dume aliyehasiwa na jike aliyefungwa kizazi, waliozoeana tayari.

Kila Aprili tunaposafiri, binti yangu humwachia nyanya karatasi mezani: nyasi asubuhi na jioni, maji yabadilishwe, nambari ya daktari wa mifugo ni hii, karoti wasipewe hata wakiomba.