Gemu ya Peke Yako au ya Wengi? Hivi Ndivyo Pesa Yako Hutoka

Kila shule zikifungwa, simu tunazopokea hapa huduma kwa wateja hubadilika. Wiki chache kabla, watu huuliza juu ya karo na namba ya paybill ya shule. Likizo ikianza tu, swali linakuwa lingine: "Nimeona pesa imetoka mara sita usiku, na mimi nilikuwa nimelala. Nani amenichukulia?" Mara nyingi hakuna mwizi. Kuna kijana wa nyumbani, kuna gemu, na kuna PIN ambayo mzazi alidhani mtoto haijui.

Mama mmoja alitupigia akiwa na hasira, na alikuwa na haki. Alikuwa ameweka Sh4,500 za sare na vitabu kwenye simu. Jioni akamwachia kijana wake wa miaka 13 simu ili apike chakula kwa amani. Asubuhi zilikuwa zimebaki Sh700 na kitu. Tulipopitia naye muamala mmoja baada ya mwingine, yote ilikuwa imeenda kwenye duka la programu, kwa gemu moja ya kupigana na watu mtandaoni ambayo kuipakua ni bure. "Bure vipi, na imekula vitabu vya mtoto?" akatuuliza.

Ni swali zuri, na jibu lake ni refu kuliko tulilompa kwa simu. Linaanzia kwenye ubishi ambao wachezaji wanao kila siku: ni afadhali kucheza peke yako au kucheza na wengine? Hata sisi ofisini tumegawanyika. Kuna mwenzetu ambaye raha yake ni kulima shamba lake kwenye skrini bila mtu kumsumbua, na kuna wale ambao bila mpinzani wa kumtania, gemu haina ladha. Hatutaamua kesi hiyo. Lakini ukishajua unapenda ipi, unaweza kujua pia utaombwa pesa lini, mara ngapi, na kwa njia gani.

Peke yako: unalipa mlangoni

Chukua mfano wa Stardew Valley, gemu ya ukulima iliyotoka mwaka 2016. Ilitengenezwa na mtu mmoja, Eric Barone, kwa miaka kama minne. Kwenye simu bei yake ni takriban dola 5. Ukishalipa, umemaliza. Hakuna sarafu za kununua ndani, hakuna anayekuuzia mbegu kwa pesa halisi. Mwaka 2018 toleo la kompyuta liliongezwa sehemu ya kucheza na wenzako, na waliokuwa wameshainunua hawakuongezewa bei. Hiyo ndiyo biashara ya zamani: kama kununua kitabu. Inauma siku moja, kisha unasahau.

Kwa anayepanga bajeti, hii ni rahisi sana kuishi nayo. Unaona bei kabla, unaamua, unaweka PIN mara moja, na taarifa yako ya mwezi inakuwa na mstari mmoja.

Lakini usidanganyike kwamba kila gemu ya peke yako iko hivyo. Candy Crush Saga unaicheza ukiwa peke yako kwenye matatu, na bado inakuuzia maisha ya ziada ukikwama. Halafu kuna jambo ambalo wengi hugundua wakiwa wamechelewa: gemu nyingine zinahitaji intaneti hata kama hakuna mtu unayecheza naye. Ubisoft walitoa gemu ya magari iitwayo The Crew mwaka 2014. Ilikuwa lazima iunganishwe na seva zao hata ukiendesha gari lako peke yako. Seva zilizimwa tarehe 31 Machi 2024, na watu walioinunua kwa pesa zao wakabaki na kitu kisichofunguka. Kwa hiyo kabla ya kulipa, tafuta kwenye maelezo kama inachezeka bila mtandao.

Na wengine: mlango ni bure, duka liko ndani

Fortnite, Free Fire, PUBG Mobile, Call of Duty: Mobile, zote unaingia bila kulipa. eFootball nayo, ambayo wengi wetu tuliijua kama PES, ilibadilisha jina na kuwa ya bure mwaka 2021. Kwa nini mtu atumie mamilioni kutengeneza gemu kisha aigawe bure?

Kwa sababu gemu ya wengi bila wengi imekufa. Mechi kubwa za Fortnite au PUBG huanza na wachezaji hadi 100. Wakikosekana, unangoja, unachoka, unaondoka. Kwa hiyo hata yule asiyelipa kitu ana kazi: yeye ndiye mpinzani wa anayelipa. Ukiwa humo ndani bila kutoa shilingi, wewe pia ni sehemu ya bidhaa. Si vibaya kulijua hilo.

Pesa hutoka kwa njia ambazo mtoto wa miaka 13 hana kinga nazo, na tuseme ukweli, hata mtu mzima hana. Ya kwanza ni sarafu. Huoni bei kwa shilingi. Unaona almasi kwenye Free Fire, UC kwenye PUBG, CP kwenye Call of Duty. Ukishabadilisha pesa kuwa almasi, akili huacha kuhesabu. Tena vifurushi hupangwa visilingane na bei za vitu. Tuseme nguo unayotaka ni sarafu 500, na vifurushi vinavyouzwa ni 400 na 900. Ukinunua ya 900, 400 zinabaki, hazitoshi kitu cha maana, na hapo ndipo unashawishika kuongeza kidogo tu.

Ya pili ni saa. Pasi ya msimu huisha baada ya wiki kadhaa, na zawadi ulizokuwa karibu kuzipata zinakwenda nayo. Ya tatu ni bahati nasibu: unalipia kasha usilojua lina nini. Ubelgiji iliamua mwaka 2018 kwamba makasha ya aina hiyo yanaingia kwenye sheria ya kamari, na mapema mwaka 2019 kampuni ya EA ikaacha kuuza huko pointi za FIFA za kununulia pakiti za wachezaji.

Ya nne ndiyo inayotusumbua zaidi, na haina kitufe. Ni aibu. Kwenye gemu za wengi, nguo za bure zinaonekana na kila mtu, na watoto huzitumia kama tusi. Kijana wa yule mama hakununua bunduki yenye nguvu zaidi. Alinunua mavazi. Wenzake wa darasani walikuwa nayo.

Hata vitufe navyo vina mambo. Desemba 2022, tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilifikia makubaliano na Epic Games, wenye Fortnite, na sehemu moja ya makubaliano hayo ilikuwa dola milioni 245 za kurudishia wateja. Tume ilidai vitufe vilipangwa kwa namna iliyowafanya watu wakatwe pesa kwa kubonyeza mara moja bila kukusudia, na kwamba watoto walinunua vitu bila idhini ya wazazi. Kama mambo haya yaliwakuta watu huko, usijilaumu sana yakikukuta hapa Pipeline au Kisauni.

Hatusemi gemu za wengi ni mbaya. Mteja wetu mmoja ana ndugu anayefanya kazi Doha, na Ijumaa usiku wao hukutana kwenye eFootball. Kwao hayo ndiyo mazungumzo ya wiki, na wala hawajanunua sarafu hata moja. Na kama unatuuliza sisi, gemu bora ya wengi bado ni ile ya kibanda cha PlayStation mtaani: benchi moja, kontrola mbili, kelele nyingi, na aliyefungwa ndiye anayelipa mechi. Unalipa kwa till, unaona bei imeandikwa ukutani, ukitoka nje gemu haikufuati nyumbani kukuomba pesa saa nane za usiku.

Kuhusu bando, wengi hukosea hesabu. Wanadhani kucheza mtandaoni ndiko kunakomaliza data. Kucheza kwenyewe hutumia kidogo kuliko kutazama video. Kinachomaliza ni kupakua gemu na masasisho yake, ambayo kwa gemu kubwa za wengi huja kila msimu na yanaweza kufika GB kadhaa. Zuia masasisho ya kujiendesha nje ya WiFi, utaona tofauti.

Fanya haya leo kabla simu haijatoka mkononi mwako

Kwenye simu ya Android fungua Google Play, nenda kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya uthibitishaji wa ununuzi, na uchague ithibitishwe kila mara. Hili ni muhimu hasa kama umewahi kuhifadhi kadi humo, au kama unalipia kwa salio la muda wa maongezi, kwa sababu huko PIN yako ya pesa ya simu huenda isiulizwe kabisa. Sehemu ya malipo ya Google Play pia ina mahali pa kuweka bajeti ya mwezi. Itakuonya tu, haitazuia, lakini onyo ni bora kuliko kuamka na kushangaa. Kama mtoto ana simu au akaunti yake, Family Link ya Google hukuwezesha kuidhinisha kila ununuzi kutoka simu yako.

Kisha badilisha PIN. Tunajua umechoka kuambiwa hivi. Lakini tukiuliza wazazi mtoto aliijuaje, jibu huwa lilelile: ni mwaka wake wa kuzaliwa, au "mimi humtuma anilipie dukani." Ukimtuma dukani na PIN, umempa na ya gemu.

Jambo lingine dogo: kufuta gemu hakufuti usajili wa kila mwezi. Ingia kwenye orodha ya usajili na uusimamishe hapo, la sivyo utaendelea kukatwa kwa gemu ambayo hata huna.

Matapeli wako kwenye gemu ya wengi

Anayecheza peke yake hana mtu wa kumtapeli. Anayecheza na wengi hukutana na wageni kila usiku, na baadhi yao hawakuja kucheza. Kuna anayekuuzia almasi kwa nusu bei ukimtumia pesa kwa namba yake ya kawaida. Pengine hutapata kitu. Pengine utazipata, zikiwa zimenunuliwa kwa kadi ya wizi. Mwenye kadi akilalamika, zinaondolewa na akaunti yako inaweza kufungwa. Kuna anayekuuzia akaunti nzima yenye mavazi adimu, unalipa elfu kadhaa, kisha baada ya siku mbili anairudisha kwa barua pepe yake ya kwanza. Gemu nyingi hata haziruhusu kuuziana akaunti, kwa hiyo ukilalamika kwao hutasikilizwa. Na kuna yule rafiki wa timu aliye mpole, anayeomba umsomee namba fupi iliyoingia kwenye simu "ili akutumie zawadi." Namba hiyo ni ufunguo. Usimsomee mtu, hata akijiita mfanyakazi wetu.

Wanaonunua kadi za zawadi za PlayStation nao waangalie nchi. Kadi ya Marekani haifanyi kazi kwenye akaunti ya Afrika Kusini, na namba ya siri ikishafunuliwa wauzaji wengi hawarudishi pesa.

Pesa ikishatoka

Tuwe wazi hapa. Ukituma pesa kwa namba isiyo sahihi, tuna njia ya kuizuia ukiwahi. Lakini ununuzi wa gemu uliothibitishwa kwa PIN umeshafika kwa duka, na ni duka linaloamua kurudisha. Kwa Google Play, omba ndani ya saa 48; baada ya hapo mara nyingi utaelekezwa kwa mwenye gemu. Kwa Steam, kwenye kompyuta, sheria ya kawaida ni siku 14 tangu ununue na usiwe umecheza zaidi ya saa 2. Ukweli huu huwapendelea kidogo wale wa kucheza peke yao: gemu ambayo hujaigusa sana ni rahisi kurudishiwa pesa, lakini almasi zilizokwisha kutumika ni ngumu kuzidai.

Yule mama aliomba asubuhi ileile tukiwa bado naye kwenye simu. Alirudishiwa sehemu kubwa. Miamala miwili ilikataliwa. Kijana alibaki na akaunti, mavazi yakaondolewa.

Ukitupigia kwa shida kama hii, tupigie kwa namba iliyo kwenye programu yetu, si ile uliyoipata kwenye Facebook. Kuwa na namba ya kila muamala, saa uliofanyika, na jina la duka lililo kwenye ujumbe. Usifute jumbe hizo hata kama zinakuudhi kuziona. Na kabla hujatupigia, muulize mtoto kwa upole amenunua nini na kwa jina gani la akaunti, kwa sababu duka litauliza, na yeye ndiye anayelijua jibu.