Tusilipie Mara Mbili Kilichomo Nyumbani

Ndugu mfanyakazi wa Kawe, kabla hujalipia kifurushi kikubwa zaidi cha intaneti, yakupasa kwanza utazame ruta yako imewekwa wapi. Mkongo wa SEACOM, uliopita chini ya bahari, ulifika Dar es Salaam mwaka 2009. Haifai safari ndefu namna hiyo ikomee nyuma ya kabati la sebuleni.

Ruta hutoa mawimbi ya redio. Kuta za saruji huyadhoofisha, mabati na jokofu huyazuia, na maji huyameza. Basi na iwekwe katikati ya nyumba, mahali pa juu palipo wazi. Kwa chumba cha mbali tumia masafa ya gigahezi 2.4, yale ya 5 yana kasi zaidi, lakini hushindwa upesi na kuta.

Penye nyumba zilizobanana, ruta za majirani hugombania chaneli moja. Katika masafa ya 2.4, chaneli 1, 6 na 11 haziingiliani. Majirani wapatane, wagawane.

Na ikiwa mwendo ni wa kobe hata ukikaa kando ya ruta, hapo mdai mwenye kampuni haki yako. Jasho la mfanyakazi lisipotee bure.