Kobalti ya Lualaba na betri zisizoihitaji

Mchimbaji wa mikono anayefikisha gunia lake Musompo, karibu na Kolwezi, anajua bei ya siku. Lakini bei hiyo inatoka wapi? Sehemu yake moja inatoka mbali: kwenye maabara ambamo watu wanatafuta kutengeneza betri bila kobalti.

Juu ya nini kobalti iliingia ndani ya betri? Mwaka 1980, John Goodenough na wenzake wa chuo kikuu cha Oxford, Uingereza, walionyesha kwamba mchanganyiko wa litiamu, kobalti na oksijeni unaweza kuweka umeme mwingi. Umepangika kama karatasi juu ya karatasi. Ukichaji simu, litiamu inatoka katikati ya karatasi hizo, ukiitumia, inarudi. Kobalti inasaidia mpango huo usivurugike. Mwaka 1991, kampuni Sony ya Japani ikaanza kuuza betri hizo.

Shida ni kwamba kobalti ni ghali, na karibu 70% ya kobalti ya dunia inatoka hapa Congo. Wenye viwanda waliogopa kutegemea inchi moja, tena wakaulizwa juu ya watoto wanaofanya kazi migodini.

Basi wakafanya mambo mawili. Kwanza, kupunguza. Kuko betri za magari zenye nikeli, manganizi na kobalti. Mwanzoni metali hizo tatu zilikuwa sawasawa. Leo kuko zenye nikeli sehemu 8, manganizi 1 na kobalti 1 tu. Pili, kuacha kabisa. Katika miaka ya 1990, kikundi cha Goodenough huko Texas, Marekani, kilionyesha betri ya chuma na fosfati. Kwa umeme ule ule ni nzito zaidi, lakini ni bei rahisi, inadumu, na haishiki moto haraka. Mwaka 2024, karibu nusu ya betri za magari ya umeme duniani zilikuwa za aina hiyo, nyingi zikitengenezwa China.

Je, kobalti imekufa? Hapana. Simu na kompyuta bado zinaihitaji, kwa sababu betri yao lazima iwe ndogo. Ila kobalti yetu nyingi inatoka pamoja na shaba: kampuni ikichimba shaba, kobalti nayo inatoka, hata kama bei imeanguka. Ndiyo maana Februari 2025 serikali ilisimamisha kuiuza inje, na Oktoba ikaweka kiasi ambacho kila kampuni inaruhusiwa kutoa.

Kufunga mlango kunapandisha bei. Lakini bei ikipanda mno, mwenye kiwanda naye anakimbilia betri ya chuma. Mwenye gunia pale Musompo anakaa katikati ya mambo hayo mawili.