'Niko ndani ya muziki': Tafsiri sisisi inayopotosha

Majuzi nikisahihisha insha za wanafunzi, nilikumbana na sentensi hii: "Tangu utotoni nimekuwa ndani ya muziki." Nilidhani mwandishi alizaliwa na kulelewa na wanamuziki. La hasha! Alitaka tu kusema kwamba anapenda muziki. Alikuwa amefasiri neno kwa neno usemi wa Kiingereza cha mazungumzo, "I'm into music".

Katika usemi huo, "into" hairejelei mahali. Ni msimu ulioenea katika karne ya 20, nao huashiria mvuto wa mtu kwa jambo fulani. Neno "ndani" katika Kiswahili halijabeba maana hiyo. Mswahili atasema muziki humkosha, ama kwa mzaha, "Ugonjwa wangu ni taarab." Ukimwambia yuko ndani ya taarab, huenda akageuka kutazama mlango uko wapi.

Utata mkubwa zaidi umo katika "hooked on". Picha iliyopo hapo ni ya samaki aliyenaswa kwa ndoana. Waingereza hulitumia neno hilo kwa mtu aliyetekwa na dawa za kulevya, kisha wakalitumia kwa utani kuhusu sataranji, riwaya au vipindi vya runinga. Wengi wetu hulifasiri kwa "mraibu", na hapo ndipo mambo huenda mrama. Shuleni humu nchini, wengi tulifunzwa kwamba uraibu ni shughuli aipendayo mtu wakati wa mapumziko: "Uraibu wangu ni kusoma." Magazetini nako, mraibu ni mtumwa wa mihadarati au kamari. Hebu mwulize kijana anayesaka kazi, "Uraibu wako ni upi?" Yamkini atakuapia kwamba hajawahi kuonja hata sigara!

Kwa maoni yangu, uraibu ubakie kwa kile kinachomtawala mtu hata anapotaka kukiacha. Wapo wanaosema "hobi", nami sioni dhambi hapo. Lakini mara nyingi hata nomino yenyewe haihitajiki: "Nikipata nafasi, mimi husoma riwaya" inatosha.

Na "die-hard fan" je? Nimewahi kusikia "shabiki anayekufa kwa ugumu". Ala! Watangazaji wetu wa kandanda walishatupa "shabiki kindakindaki", yaani shabiki halisi. Nao wazee kijiweni humwambia mtu wa aina hiyo, "Huyu kwa timu yake haambiliki."