Kisulisuli Aliyefungiwa Ndani ya Bati

Njooni karibu, wapwa wangu. Njooni hapa kivulini, chini ya mwembe. Aliyeniuliza swali asubuhi akae mbele kabisa, hapo kwenye mkeka.

Swali lenyewe ni hili: "Mjomba, lile pipa refu la bati pale kwenye kiwanda cha pamba lina kazi gani? Mbona chini limechongoka?"

Swali zuri mno! Wakubwa wangapi wa Bariadi wamepita chini ya pipa kama lile na magunia yao ya pamba, tangu Simiyu haijawa mkoa, kabla ya mwaka 2012? Walipita tu. Wewe umesimama, ukatazama juu, ukauliza. Hongera sana.

Kisulisuli mnamjua? Mnamjua. Mwezi wa saba, mvua zimekwisha, shamba limekauka, anazuka uwanjani ghafla. Anazunguka, anazunguka, anazunguka. Anabeba vumbi, anabeba majani, siku nyingine anabeba hata kanga ya mama iliyoanikwa. Sasa, ndani ya lile pipa amefungiwa kisulisuli. Tumwache aseme mwenyewe.

"Hodi! Kazi yangu inaanzia mbali. Wakulima wamepima pamba yao AMCOS, chama chao cha ushirika, lori limeileta kiwandani, imemwagwa chungu nzima. Linashushwa bomba pana. Huko mwisho wa bomba kuna feni kubwa. Vuuu! Pamba inapaa."

"Kwa hiyo feni inavuta pamba, Mjomba?"

Hapana, mwanangu. Feni haiigusi pamba. Ukinywa soda kwa mrija, unachonyonya kwanza ni hewa iliyomo mrijani. Nafasi inabaki, na hewa ya nje inaisukuma soda ipande kuijaza. Hata hapa ni hivyo hivyo. Feni inaitoa hewa bombani, hewa ya nje inakimbilia kuziba pengo, na katika haraka yake inaikumba pamba na kuibeba.

"Lakini hewa haichagui," anasema Kisulisuli. "Inabeba pamba, inabeba vumbi la Meatu, inabeba vumbi la Itilima, inabeba na vipande vya majani makavu. Pamba inashukia kwenye mashine ya kuchambua, mbegu huku, nyuzi huku. Vumbi linabaki na hewa. Sasa hiyo hewa chafu iende wapi?"

Isiachwe hivi hivi. Vumbi la pamba, mtu akilivuta miaka na miaka, linaharibu mapafu.

"Ndipo naitwa mimi. Wananiita saikloni, jina kubwa, lakini ni mimi yule yule wa uwanjani. Hewa inaingizwa kwangu kwa ubavuni. Si katikati, ubavuni! Inaingia ikiambaa ukuta wa bati, haina njia ila kuzunguka."

Mmepanda basi la kwenda Lamadi? Likikata kona kwa kasi, nani anamlalia mwenzake? Basi limegeuka, lakini mwili wako bado unataka kwenda mbele moja kwa moja. Vumbi lina ukaidi huo huo. Hewa ni nyepesi, inakata kona. Vumbi ni zito, haliwezi. Linagonga bati, linasugua bati, linachoka, linateleza hadi mkiani, puu, ndani ya gunia. Hewa nayo ikifika kule chini inageuka, inapanda katikati, inatokea bomba la juu.

Mimi huipenda mashine hii kuliko zote za kiwandani. Ndani hamna chekeche, hamna panga, hamna kitu kinachozunguka ila upepo wenyewe. Kiharibike nini? Labda bati tu, ambalo vumbi hulila polepole mpaka likatoboka.

"Na ule mkia uliochongoka?"

Ah, sikusahau! Simama uani, tandaza mikono, zunguka. Sasa ikunje kifuani. Umeona? Umekwenda mbio zaidi! Na hewa ikibanwa kwenye duara dogo inakwenda mbio zaidi, inalitupa hata vumbi dogo. Lililo laini kama unga linamtoroka Kisulisuli, naye analijua hilo.

"Lakini Mjomba, nikikoroga chai majani yanakusanyika katikati, hayaendi pembeni!"

Loo! Mtoto huyu! Swali hilo Albert Einstein aliliandikia makala mwaka 1926. Chai ya juu inazunguka kwa kasi, inasukumwa pembeni. Chai ya chini inasugua kitako cha kikombe, inapunguza mwendo. Basi ile ya juu inashuka kwa ukutani, inapita chini kurudi katikati, inayaburura majani. Kisha inapanda tena. Majani ni mazito, hayapandi nayo. Yanabaki pale pale.

Mwambieni shangazi asiichuje chai ya jioni. Nani ana kijiko?