Mtoto wa Mbwa Mwenye Kuyumba

Zamani misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji. David Livingstone alikaa Kwihara, karibu na Tabora, mwaka 1872. Miaka 5 kabla ya hapo, mbwa wake Chitane alikufa maji safarini, naye aliandika habari hiyo katika daftari lake. Basi kumlilia mbwa si jambo la kuonea haya.

Lakini wako mbwa wasioweza hata kuanza safari. Sehemu ya nyuma ya ubongo ndiyo iongozayo mwendo na kuuweka mwili sawasawa. Mtoto wa mbwa akizaliwa nayo ndogo mno, huyumba tangu hatua yake ya kwanza, na kichwa chake hutetemeka atakapo kula. Hakurogwa, wala hana kichaa. Hali hiyo haizidi kadiri akuavyo, naye huweza kuishi akiwekewa chakula karibu na kuepushwa na moto na kisima. Mwingine huzaliwa na maji mengi kichwani. Huyo mara nyingi hufa angali mchanga, ijapokuwa ametunzwa vyema.

Bali mbwa aliyekuwa mzima, kisha akabadilika ghafula, akayumba na kutokwa na mate, asiguswe kamwe. Huenda ana kichaa cha mbwa, nacho huua watu. Mtu mzima na aambiwe upesi.

Amtunzaye mbwa mnyonge, kisha akamzika, hakufanya kazi bure. Safari ya mnyama yule ilikuwa fupi, lakini hakuiendea peke yake.